Jiwe la Mlango wa Nyuma

Asubuhi ya siku tuliyomzika Mama, binti wa Muamba, mdogo wangu, alichukua brashi ngumu na kopo la javeli, ile dawa ya kuondoa madoa, akaenda kuinama kwenye jiwe la mlango wa nyuma. Alikuwa na nia njema. Wageni walikuwa wanakuja kutoka kila upande wa Kindu, nyumba yetu ni ile ya zamani ya wafanyakazi wa reli, na jiwe lile la kukanyagia lilikuwa limefunikwa na ukoga mkavu kutoka ukingo hadi ukingo. Mtu asiyejua angeona uchafu. Mimi nilipiga ukelele ulionishtua hata mwenyewe, mtoto akaangusha kopo, na wanawake waliokuwa wakichagua mchele uani wakageuka wote.

"Tantine, nilitaka kupangusa tu!"

"Usiguse. Usikanyage hata."

Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anatetemekea ukoga wa jiwe. Cheka tu, nami nilicheka baadaye. Lakini wakati ule harufu ya javeli ilikuwa imechanganyika na harufu ya jiwe lililoloa, na hiyo ya pili, baridi, yenye uchungu kidogo kama gome lililolowekwa, ilinirudisha msituni. Nilikuwa tena mtoto mwenye mapengo mdomoni, nimesimama mbele ya gogo, naogopa kupumua.

Wewe uliyekuwa Kindu wakati ule, kama una umri wangu, huhitaji nikueleze vita. Unakumbuka jinsi mji ulivyonyamaza kabla bunduki hazijasema, hata mbwa walinyamaza. Baba yangu alikuwa Muluba kutoka Kasai, fundi wa vichwa vya treni kwenye karakana ya reli. Wenye bunduki walipoingia, watu wengi waliachwa wakimbie watakako, lakini mafundi walizuiwa, kwa kuwa walitakiwa waifanye treni itembee. Papa akajua kwamba yeye hataondoka kwa ruhusa ya mtu. Akaamua sisi tutangulie, naye atatoroka siku atakayopata upenyo. Mahali pa kukutana palikuwa kambi ya shamba ya marehemu babu yangu, ndani ya msitu upande wa Obokote, ambako Mama alizaliwa.

"Utajua njia?" Mama alimuuliza.

"Nilianguka mule mbele ya wakwe. Mutu anasahau fasi alianguka?"

Kisa hicho nyumbani tulikijua wote. Ili kufika kambini unavuka kijito, na juu ya kijito limelala gogo kubwa. Papa alipokwenda mara ya kwanza kujitambulisha kwa wakwe alivaa viatu vya kung'aa, maana kwao mwanamume husomwa kuanzia miguuni. Hata kazini, na mafuta yote yale ya treni, viatu vyake vilikuwa safi kuliko shati. Akapanda juu ya gogo kama bwana. Ukoga ulikuwa umelowa. Miguu ikaenda juu, suti na zawadi zote zikaenda majini, na wakwe wamejipanga ng'ambo wanatazama. Wenyeji wa kule hawalikanyagi gogo lile, wanavua viatu na kupita majini pembeni yake. Papa aliambiwa, lakini aliona haya kuingia kwa wakwe peku.

Siku ya kuagana Mama alimkumbusha, kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina langu, mimi nimeshika kikwembe alichojifunga.

"Safari hii utoe viatu, Papa Ngalula. Upite juu ya ile muti na miguu tupu. Nitaona alama, nitajua njo wewe."

"Nitatoa. Kwa ajili yako nitatembea peku kama kuku."

Walicheka wote wawili, ile namna ya watu wazima ya kucheka huku macho yakitazama mlango. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kuogopa vicheko vya aina hiyo.

Njia siikumbuki vizuri. Nakumbuka mtumbwi kuvuka Lualaba kabla ya jua, Muamba akilia mgongoni kwa Mama na kitambaa kimesokotwa mdomoni mwake, kisha kutembea, na kutembea tena, mpaka kucha zangu mbili zikatoka. Gogo lakini nalikumbuka kana kwamba nimeliona jana. Mti ule ulipoanguka ulifungua tundu katika paa la msitu, jua likawa linalipiga gogo mchana kutwa na mvuke wa kijito unalilowesha usiku, na juu yake uliota ukoga wa kila namna, kuliko nilivyowahi kuona mahali pengine. Kulikuwa na wa kijivu uliobanana na gome kama rangi iliyomwagika, una vidoa vyeusi. Kulikuwa na wenye majani madogo yaliyojikunja kama masikio. Kulikuwa na vikombe vya kijani, kila kimoja kinatosha tone moja la mvua, na upande wa kivuli zilining'inia ndevu nyembamba. Jua likiwaka, wote ulikauka, ungeapa kwamba umekufa. Mvua ikigusa tu, palepale ukiangalia, unageuka kijani. Jambo hilo la kufa na kufufuka lilinitisha sana.

Mama akanishika bega kabla hatujavuka.

"Ngalula, unaona hii muti? Iko na ugonjwa. Mutu akiikanyaga, ile madoa inapanda ku mwili wake. Wewe na mudogo yako mutapita mu maji tu. Umesikia?"

Nilisikia. Nilisikia vizuri kuliko alivyotaka, kwa sababu masikio yangu yalikuwa bado na yale aliyomwambia Papa. Apite juu. Miguu tupu.

Watu wazima hawajui watoto wanaweka nini kifuani. Kuanzia siku ile nilimwogopa mama yangu. Nililala ubavuni mwake kwenye kibanda cha babu, nikila mihogo na sombe ya majani yake aliyopika, na kichwani nazungusha jambo moja: Mama amemtega Papa. Mchana nilijiambia haiwezekani. Giza likiingia, iliwezekana. Kila asubuhi alitoka mapema, akapita majini, akachuchumaa kando ya gogo, akalitazama kutoka shina hadi kilele bila kuligusa. Mimi nilijificha nyuma ya mgomba nikimchungulia. Nilidhani anakwenda kumjulia hali mgonjwa wake, kuona kama amepata nguvu ya kutosha. Alirudi na uso uleule, akawasha moto mdogo usio na moshi.

Jioni alitupapasa ngozi kutafuta kupe, kwa vidole, maana taa hatukuthubutu kuwasha. Nami nilijua anatafuta nini. Madoa.

Kisha madoa yakaja. Kwanza moja kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, jeupe, la mviringo, lenye magamba pembeni, sawasawa na yale ya gogo. Baadaye yakawa matatu. Sikuwa nimelikanyaga gogo, naapa, lakini siku moja nilipokuwa navuka maji yalikuwa mengi nikalishika kwa kiganja nisianguke. Nikaamini ugonjwa umeshapanda. Nilivaa kikoti cha shule kwenye joto la msituni, nililalia mkono wangu, na Mama akinipapasa jioni nilimpa ule wa kulia mara mbili. Niliogopa kwamba nitaota. Nitaanza na madoa, kisha masikio yatanitoka mgongoni, kisha ndevu, halafu watanilaza juu ya kijito na watu watapita majini wasiniguse. Usinicheke. Mtu aliyelala msituni akisikiliza bunduki za mbali haoni ajabu mtu kugeuka mti.

Asubuhi moja Mama hakuchuchumaa. Alisimama majini, maji yanamfika magotini, mkono mdomoni. Nikamfuata nikaona. Katikati ya gogo ukoga ulikuwa umechubuka vipande vikubwa, gome jeusi liko nje, linang'aa kwa unyevu kama kidonda. Chubuko moja, hatua, chubuko jingine, mpaka upande wetu. Vipande vya ukoga vilikuwa vinaelea kwenye maji yaliyotulia kando ya mawe. Mguu mtupu hauchuni vile. Ilikuwa ni soli ngumu, na kisigino.

"Viatu," Mama alinong'ona. Alivyolitamka neno lile, nilikojoa.

Hatukurudi kibandani kuchukua hata sufuria. Muamba alikuwa mgongoni tayari. Mama alinivuta kwa mkono, tukaingia kwenye kinamasi cha mibale, ile miwale yenye majani marefu, chini ya shamba, tukakaa katikati ya mashina, matope hadi kiunoni, mbu usoni. Mvua ikaanza. Nilikuwa natetemeka hata meno yanagongana, na Mama akanivua kikoti kilicholowa ili anikumbatie ngozi kwa ngozi. Hapo ndipo akauona mkono wangu.

"Hii njo nini?"

Nikapasuka. Nililia bila sauti, kama tulivyofundishwa na wakati ule, nikamwambia yote. Kwamba nimeshika gogo. Kwamba ugonjwa umenipanda. Kwamba asiniache hapa. Na mwisho, lile lenyewe: "Ulimwambia Papa akanyage. Na miguu tupu. Kwa nini unataka Papa afe?"

Alinitazama. Maji ya mvua yalikuwa yanamtiririka kwenye kope. Kisha akafanya kitu ambacho sitakisahau, akacheka na kulia pamoja, uso umebanwa kwenye nywele zangu ili sauti isitoke.

"Mutoto yangu. Hii njo choa tu, choa ya jasho, nitakupaka mawese na majani itaisha. Ile muti haina ugonjwa. Nilikudanganya. Nilijua nikikukataza tu, utaikanyaga siku moja, weye na mucezo yako. Ile ukoga njo mulinzi yetu. Inakomaa pole pole, miaka na miaka, haina haraka. Sisi tunapita mu maji, tunaiacha. Mugeni yeye anapita juu, anaichubua, na sisi tunajua. Baba yangu alinionyesha, na baba yake alimuonyesha yeye."

"Na Papa?"

"Papa njo wetu. Miguu tupu haichubue, inalaza tu. Ukikuta imelala na haijachubuka, usiogope. Njo mutu yetu alipita."

Nilipaswa kufurahi. Lakini kama gogo halikuwa na ugonjwa, basi aliyepita alikuwa mtu wa kweli mwenye viatu vya kweli, na hofu yangu ya kitoto ikaniacha mikononi mwa hofu yao, ya watu wazima, ambayo ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu haikuwa na dawa ya mawese.

Mchana, mvua ikiwa imeshika majani ya mibale hata husikii neno, ilitoka sauti upande wa kambi. Mwanamume, anaita. Huwezi kujua anaita nini, huwezi kujua ni nani. Wenye bunduki nao walikuwa wanaita majina ya watu msituni, waliyoyachukua kwa waliowakamata. Mama alimziba Muamba mdomo kwa titi, na mimi kwa kiganja. Nilihisi moyo wake ukipiga mgongoni mwangu. Sauti iliita tena, mbali zaidi. Halafu mvua peke yake.

Tulilala kinamasini. Kesho yake Mama alinyata kwenda kuchungulia, na alipoona hakuna mtu akatuita. Kibanda kilikuwa kimesimama. Mihogo iliyomenywa ilikuwa kwenye beseni, hakuna aliyeigusa. Kuku wetu mmoja alikuwa anaparura palepale. Nakumbuka nilifurahi, nikamkimbilia kuku. Mama hakufurahi. Askari mwenye njaa haachi kuku. Alikuwa anatazama chini, mlangoni.

Pale mlangoni palikuwa na jani la mgomba, limekunjwa mara mbili, lina matope yaliyokwanguliwa. Mtu alikuwa amesimama nje ya kibanda kitupu cha wakwe zake, akajifuta viatu vyake vizuri, soli na pembeni, ndipo akaingia.

Mama alikaa chini hapohapo. Hakupiga kelele. Alilishika lile jani kwenye mapaja yake akasema, kwa sauti ya mtu anayegombeza nyumbani, "Nilimwambia atoe. Nilimwambia."

Baadaye alipiga kelele. Alisimama juu ya gogo lenyewe, kwa miguu yake, akaita jina la Papa msituni mpaka sauti ikakatika, yeye aliyekuwa ametuziba midomo. Tulimtafuta njia ya Obokote, tukauliza kila tuliyekutana naye. Mwanamke mmoja alisema ameona mwanamume peke yake, anauliza habari za mke na watoto wawili, anaelekea Lubutu. Mwingine alisema hapana, alikuwa mfupi. Hatukumwona Papa tena. Nadhani alivuka gogo gizani, akapotea njia ya kambi mpaka mchana. Aliona majivu ya moto yenye joto na kambi haina watu, na nadhani aliamini tumechukuliwa. Alikwenda kututafuta. Huo ndio ukweli ninaoishi nao, na sijapata mwingine.

Vita vilipotulia tukarudi Kindu, nyumba ilikuwa imebaki kuta na mabati machache. Papa alikuwa na desturi ya kuingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu ya mafuta ya karakana. Alisimama kwenye lile jiwe, akafuta viatu, akakohoa, ndipo akaingia. Mama aliufunga mlango ule. Alituambia sote, na wapangaji, na baadaye wakwe na wajukuu: huku hakupitwi. Hakueleza. Watu walisema amerogwa, wengine walisema kuna kitu kimezikwa. Mimi peke yangu nilijua alikuwa anaacha jiwe lipumzike.

Ukoga hauna haraka, alisema kweli. Misimu mingi jiwe lilikuwa jiwe. Kisha yakaja madoadoa kama mabaka usoni mwa mtoto, kisha yakakutana, kisha yakaja ya rangi ya kiini cha yai upande jua linakopiga. Shuleni, mwalimu wa biolojia alituambia kwa Kifaransa jina lake, likeni, na kwamba si kitu kimoja bali viwili vilivyooana, kuvu na mwani: mmoja anajenga nyumba na kushika maji, mwingine anapika kwa mwanga wa jua. Alisema pia hauvumilii moshi mwingi. Nilifikiria moto wetu mdogo usio na moshi, nikaomba ruhusa nikatoka nje. Mwalimu alidhani naumwa tumbo.

Kila asubuhi, mpaka miguu ilipomkatalia, Mama alizunguka nyumba na kuchuchumaa. Nami nilikuwa dirishani. Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu: niliogopa asubuhi zote zile, sawasawa. Niliogopa aukute ukoga ukiwa mzima, kwa sababu ya uso wake. Na niliogopa aukute umechubuka, kwa sababu nisingejua ni nani ameingia katika nyumba yetu. Pikipiki zimejaa Kindu siku hizi, vijana wanacheka barabarani, na mimi bado nikisikia hatua za viatu nyuma ya nyumba usiku naziba mdomo wangu mwenyewe.

Sasa turudi siku ya mazishi. Ilipofika saa ya kutoka, jeneza lilikwama. Ukumbi wa mbele una kona, na wapangaji wa zamani waliongeza ukuta. Wabebaji walijaribu kulisimamisha, wazee wakakataa, mama wa watu hasimamishwi. Fundi mmoja mzee wa reli, aliyefanya kazi na Papa, akasema: "Si kuna mulango ya nyuma? Fungueni."

Wote wakaniangalia mimi. Asubuhi walikuwa wamenisikia nikipiga kelele.

Nilisimama pale, na hofu yote ilikuja, yote, kinamasi na mvua na ile sauti. Jiwe lile lilikuwa ni mlango alioachiwa mtu mmoja tu. Nikiliacha lichubuliwe na viatu vya watu sita, Mama atakuwa amengoja bure, na mtu wa mwisho kupita atakuwa mgeni.

"Fungueni," nikasema. "Lakini mutoe viatu."

Minong'ono ikaanza. Mzee wa reli akajitazama miguuni, viatu vimepigwa rangi, suruali ina mkunjo. "Ngalula, mu kilio? Peku? Watu watasema nini?"

Muamba, ambaye hamkumbuki Papa hata kidogo, ambaye alikuwa na titi mdomoni siku ile, hakuuliza. Aliinama akafungua kamba za viatu vyake. Akavipanga ukutani. Mzee akavuta pumzi, akashika ukuta kwa mkono mmoja, akavua. Wengine wakafuata, soksi na yote. Bawaba za mlango zililia, jua likaingia mahali ambapo halijaingia tangu utoto wangu, na wanaume sita wakampitisha mama yangu juu ya jiwe, polepole, wakitafuta pa kuweka nyayo.

Jioni, tulipotoka makaburini, nilizunguka nyumba peke yangu. Ilikuwa imenyesha kidogo na ukoga umegeuka kijani. Nilichuchumaa kama alivyokuwa akichuchumaa. Palikuwa na alama za nyayo, vidole na visigino, vimebonyea vizuri. Ulikuwa umelala. Haukuwa umechubuka mahali popote.

"Usiogope," nilijiambia kwa sauti, kwa maneno yake. "Njo mutu yetu alipita."

Mlango sikuufunga.